Tuligawa Kanga za Mama, Nyumba Tukaisahau

Mama yangu alifariki mwaka 2001, mvua za masika zikiwa zimepamba moto pale Tanga. Nilikuwa na miaka 16, kaka yangu 20, mdogo wetu wa kike 11. Siku ya arobaini, wanaume walipokwisha kusoma hitima na sinia za pilau kurudishwa uani, shangazi alitandika mkeka ukumbini, akaliburuta sanduku la mama hadi katikati, akaanza kugawa.

Nakumbuka doti moja ya kanga. Ilikuwa mpya, haijakatwa wala kupindwa, bado ina harufu ya dukani. Shangazi aliishika upande mmoja, mama mkubwa akashika wa pili, wakaianzia kwa meno kisha wakaipasua katikati, chwaaa. Kipande kimoja nikapewa mimi, cha pili mdogo wangu. Bangili mbili za dhahabu zikagawiwa vivyo hivyo, moja moja. Sufuria kubwa aliyokuwa akipikia maandazi ya biashara akaichukua mama mkubwa. Sanduku lenyewe, lilipobaki tupu, shangazi akasema litamfaa kwa kuwekea mashuka. Wazee wakaomba dua, wakasema mambo ya marehemu yamekwisha, sasa ni kumwombea tu.

Baba alikuwa barazani muda wote huo na hakuna aliyemwita. Tena katika watu zaidi ya 20 tuliojazana ndani ya nyumba ile, hakuna hata mmoja aliyeinua macho kuyatazama mabati juu ya vichwa vyetu akauliza, na hii je?

Watu wakisikia kwamba baba yangu alioa tena, na kwamba baadaye tulifikishana mahakamani, husema palepale: ah, mama wa kambo huyo. Nami nilisema hivyohivyo kwa miaka mingi. Nilikuwa nimemkosea mtu, tena nimekosea na mwaka. Kilichotupotezea haki hakikuingia na mama mdogo mwaka 2003. Kilikuwa kimekwisha kutokea pale mkekani.

Nyumba yetu iko Ngamiani. Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, uani jiko na choo na mwarobaini mmoja unaomwaga majani mpaka ndani ya ndoo za maji. Kiwanja chake alikinunua mama mwaka 1989. Babu mzaa mama aliacha minazi Pangani, watoto wake wakagawana, mama akauza fungu lake akaja na pesa mjini. Karatasi ya mauziano ikaandikwa jina la baba, kwa sababu wazee waliosimamia mauziano walimwuliza yeye jina, na mama hakuona neno. Mume na mke si kitu kimoja? Baba alikuwa kibarua wa bandari kisha akaajiriwa, na mshahara wake ndio uliopandisha kuta. Mabati na saruji ya sehemu ya nyuma vilitoka kwenye upatu wa mama. Hayo yote sisi watoto hatukuyajua.

Sisi ni Waislamu, na kwa sheria yetu, siku mama alipokata roho, haki yake katika nyumba ile ilikwisha kuwa ya watu wengine. Mume aliyefiwa na mke mwenye watoto hupata robo. Wazazi wa mama walikuwa wameshatangulia, kwa hiyo robo tatu zilizobaki zilikuwa zetu: kaka mafungu mawili, sisi wasichana fungu mojamoja. Imo katika Surat an-Nisaa, aya ya 11 na ya 12, na mtoto wa madrasa anaweza kukusomea. Lakini kuisoma aya ni jambo moja, na kumwendea mwanamume aliyefiwa siku 40 zilizopita ukamwambia kwamba sasa anaishi katika nyumba ya ubia na wanawe ni jambo jingine. Angesema hayo nani, naye asionekane hana haya?

Baba alioa tena 2003. Mama mdogo alikuja na mtoto wa kiume wa miaka 5, mtoto wa ndoa yake ya kwanza, na ndoo nyekundu ya plastiki iliyojaa vyombo. Ndoo ile niliichukia mimi. Sijui kwa nini ndoo, lakini ndivyo moyo ulivyo. Walizaa wengine wawili, wa kiume mwaka 2005 na wa kike 2008. Mimi nikaolewa Korogwe, mdogo wangu akaenda Dar es Salaam, kaka akahamia Moshi kwa kazi.

Mwaka 2012 baba alipigwa na kiharusi, upande wa kulia wote ukafa. Tuliokuwa mbali tulituma pesa tulipokuwa nazo. Aliyembeba kumpeleka bafuni kila asubuhi kwa miaka minne ni yule kijana wa kambo. Nilifika siku moja bila taarifa nikamkuta amempakata baba kwenye kigoda, anamnyoa ndevu kwa wembe, anamwambia atulie kama mtoto. Baba alikuwa anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Alifariki Agosti 2016.

Ugomvi ulianzia kwenye kodi. Vyumba viwili vya mbele vilikuwa na wapangaji, 30,000 kila kimoja kwa mwezi. Kaka akawapigia simu kwamba tangu sasa watume kwake. Mama mdogo yuko eda, miezi minne na siku 10, hatoki nje, na sukari ya nyumba ile ilikuwa inanunuliwa kwa kodi ileile. Mpangaji mmoja akawa mwerevu kuliko sisi sote: akasema hamlipi yeyote mpaka aone karatasi ya mahakama.

Tukakutana kikao cha ukoo siku ya arobaini ya baba, ukumbi uleule. Mama mdogo alikaa chumbani, pazia limeshushwa, anasikia kila neno. Kaka akasema nyumba hii ni ya mama yetu, mali ya baba ni shamba la machungwa la Muheza tu, na hilo ndilo tutakalogawana na wenzetu. Baba mdogo akajaribu kutuliza. Mimi, badala ya kunyamaza, nikasema kwa sauti ifike ndani: "Huyu mama alikuja na ndoo, ataondoka na ndoo."

Pazia halikutikisika. Mpaka leo natamani lingetikisika, atoke anitukane, tuwe sare.

Kaka akachukua muhtasari wa kikao na cheti cha kifo, akaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi. Kwa asiyejua: huku Bara hatuna mahakama ya kadhi kama wenzetu wa Zanzibar. Mirathi ya Kiislamu na ya kimila hupita Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, na mali hugawiwa kwa kufuata sheria iliyokuwa ikiongoza maisha ya marehemu. Unajaza Fomu Namba 1, mahakama inatoa tangazo, mwenye neno analeta pingamizi. Katika orodha ya mali kaka akaandika shamba tu. Ndugu yake mama mdogo akaliona tangazo, akaleta pingamizi.

Hakimu alikuwa mwanamama wa makamo, anavaa miwani kwenye ncha ya pua. Alimsikiliza kaka mpaka mwisho, akauliza maswali matatu tu. Mama yenu alifariki lini? Mirathi yake ilifunguliwa wapi? Karatasi ya nyumba ina jina la nani? Kaka akajibu la kwanza, la pili akababaika, la tatu akainamisha kichwa.

"Basi kwa haya niliyonayo mezani," hakimu akasema, "nyumba ni ya marehemu baba yenu. Mjane wake yumo, na watoto wake wote watano wamo. Kama mama yenu alikuwa na haki humo ndani, haki hiyo ina mirathi yake, ina msimamizi wake na ina ushahidi wake. Ileteni."

Nilitoka pale nimevimba. Nilidhani amehongwa. Ilinichukua wiki kadhaa, na msaidizi wa kisheria mmoja mvumilivu, kuelewa kwamba alikuwa ametuonyesha njia.

Sisi tulikuwa tunajenga hoja juu ya "watoto wa mke wa kwanza". Hakuna kitu hicho. Kwa baba, mtoto ni mtoto. Aliyezaliwa 1981 na aliyezaliwa 2008 wanamrithi sawa, wa kiume kwa kiwango chake na wa kike kwa chake, haijalishi tumbo. Ndoa ya pili haimwondoi mtoto wa ndoa ya kwanza, wala ya kwanza haimpi mtoto wake mbele. Kinachobadilika baba akioa tena ni kwamba wamegao wanaongezeka: mjane anaingia na thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, na wadogo wanaozaliwa wanaingia na mafungu yao. Fungu lako linapungua kihalali kabisa, na hapo huna wa kumlaumu.

Fungu la mama lilikuwa habari nyingine. Lile halikuwa la baba la kugawa. Mama mdogo na wanawe hawakuwa na chochote humo isipokuwa kupitia ile robo ya baba. Kama lingetengwa 2001, au hata wiki moja kabla ya harusi ya 2003, mama mdogo angeingia katika nyumba anayoijua mipaka yake. Hakuna aliyemwambia. Yeye aliolewa na mwanamume mwenye nyumba ya vyumba sita, ndivyo alivyoonyeshwa, na ndivyo karatasi ilivyosema.

Basi tukaanza kutafuta ushahidi wa jambo la miaka 27 nyuma. Mtu aliniambia kuna kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Nikafurahi. Msaidizi wa kisheria akanipoza: ile ni ya wanandoa walioachana, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Kwenu nyinyi mama hakuachwa, alifariki ndani ya ndoa. Itajeni kesi hiyo mkipenda, lakini leteni karatasi.

Karatasi zilipatikana mahali pa kuchekesha. Shangazi bado alikuwa na lile sanduku. Aliyatoa mashuka, akatoa gazeti lililotandikwa chini, na chini ya gazeti kulikuwa na bahasha ya kaki na daftari la upatu, limeliwa na mende pembeni. Mwandiko wa mama, herufi kubwakubwa za mtu aliyeishia darasa la saba. "Mkono wangu: mabati 20." Ukurasa mwingine: "Nimempa fundi, saruji mifuko 8, imebaki 3." Ndani ya bahasha, karatasi ya kuuzia minazi Pangani, na tarehe yake ni siku nane kabla ya tarehe ya kununua kiwanja. Sanduku tuligawa, kilichokuwa ndani hatukukitazama.

Fundi mwenyewe tulimkuta Makorora, macho yamefifia lakini kumbukumbu kali. Alikuja mahakamani kwa bajaji, akaeleza nani alikuwa anampa pesa Ijumaa.

Cheti cha kifo cha mama ndicho kilichotusumbua zaidi. Tulikuwa na kibali cha maziko tu, nacho kimepauka. Kusajili kifo cha miaka 15 iliyopita ni kiapo, barua ya serikali ya mtaa, nenda rudi, na nauli ya Korogwe kila safari. Yule aliyefiwa mwaka huu na anasema atakishughulikia baadaye, na aje nimwonyeshe tiketi zangu.

Mimi nikateuliwa msimamizi wa mirathi ya mama. Ya baba akapewa baba mdogo, na hakimu alimchagua kwa sababu hana fungu. Marehemu akiacha watoto wa kiume, ndugu yake harithi, kwa hiyo hana cha kuvutia upande wake. Tukapewa Fomu Namba 4, ambayo ndiyo barua ya usimamizi, na miezi minne ya kuleta Fomu Namba 5, orodha ya mali na madeni. Kisha baada ya kugawa, Fomu Namba 6, hesabu ya nani kapewa nini. Wasimamizi wengi huishia Fomu Namba 4. Wakishapata ile karatasi yenye mhuri wanajiona ndio wamiliki, na mirathi inalala hapo mpaka wajukuu. Msimamizi ni mtumwa wa warithi, hakimu alituambia, si bwana wao.

Kuhusu nyumba, kwa daftari lile na maneno ya fundi, pande zote zilikubaliana kwa maandishi kwamba nusu ilikuwa ya mama. Nasema zilikubaliana, lakini ukweli ni kwamba mama mdogo ndiye aliyekubali. Alishamaliza eda, alikuja mwenyewe. Aliomba kuliona daftari, akalishika kama mtu anavyoshika msahafu, akafunua kurasa nne tano, akasema: "Huyu alikuwa mtu wa kazi." Akarudisha. Akasema nusu ni haki.

Ustadhi akafanya hesabu nyuma ya kalenda, akaigawa nyumba sehemu 64 ili isitoke sehemu nusunusu. Nitaiandika hapa kwa sababu mimi niliielewa pale tu nilipoiona kwa namba. Nusu ya mama ni 32. Robo yake, yaani 8, ilimwendea baba siku ileile ya 2001. Zilizobaki 24 ni zetu watatu: kaka 12, mimi 6, mdogo wangu 6. Sasa baba alifariki akiwa na 32 zake na zile 8, jumla 40. Thumuni ya mjane ni 5. Zilizobaki 35, kwa watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu: kila wa kike 5, kila wa kiume 10. Mimi basi nina 11. Mama mdogo na wanawe wawili wakijumlishwa wana 20.

Kama tungesema nyumba yote ni ya baba, mimi ningepata 8, na upande wa mama mdogo wangepata 32, nusu kamili. Kaka akachukua kalamu, akageuza hesabu iwe vyumba. Kwa hesabu ya kwanza, wao wana vyumba viwili kasoro kidogo. Kwa hesabu ya pili, vitatu.

Chumba kimoja. Miezi 14 ya mahakama, ndugu kususiana hata Idi, lile neno langu la ndoo, ukiyakamua yote yanatoka na chumba kimoja. Tena tukaangalia ni kipi. Ni cha mwisho kushoto, karibu na uani, na anayelala humo ni yule kijana wa kambo.

Yeye katika hesabu za ustadhi hakuwamo hata sehemu moja. Mtoto wa kambo harithi, hata kama amekubeba miaka minne. Njia ya kumpa ni mbili: umpe ukiwa hai, au umwandikie wasia, na wasia hauvuki theluthi ya mali. Baba hakuandika. Lakini miezi michache kabla hajafa, nilipokuwa namlisha uji, aliniambia kwa ule ulimi wake mzito: "Yule kijana msimsahau." Nilikuwa peke yangu chumbani.

Nikayasema hayo kikaoni. Kaka akanijibu kwa upole, na hakukosea: wasia wa mdomo unataka mashahidi wawili, wewe ni mmoja. Mama mdogo alikuwa amekaa palepale. Angeweza kusema na yeye alisikia, na hakuna mtu ambaye angembishia. Akasema: "Mimi sikuwapo." Hapo ndipo nilipoanza kumwita mama bila kulazimishwa na mtu.

Ustadhi akakohoa, akatukumbusha kwamba kabla hatujafunga daftari tusome tena Surat an-Nisaa, aya ya 8, tuone inasemaje juu ya wale wanaohudhuria ugawaji nao hawana fungu. Inasema wapewe kitu, na waambiwe maneno mema. Kaka alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema chumba ni chetu kwa hesabu, kijana akae humo bila kodi mpaka atakapooa, na tuandike. Tukaandika, na ndivyo kilivyo hadi leo. Vyumba viwili vya upande wa kulia ni vya mama na wadogo zetu, jiko ni la wote. Shamba la Muheza hatukulikata. Lile lilikuwa la babu mzaa baba, marehemu mama yetu hana haki humo, kwa hiyo mafungu ni manane: mjane moja, mabinti mojamoja, wanaume mawili mawili. Msimu wa machungwa ukifika baba mdogo anauza, anapiga simu, kila mtu anapata chake. Mwaka mwingine ni cha nauli tu.

Kesi kama zetu zina uso wa pili, nao ni wa mama kuolewa tena. Jirani yangu Korogwe alifiwa na baba yake akiwa mdogo, mama akaolewa kijiji kingine, baba zake wadogo wakalima shamba la marehemu miaka 18. Kila watoto walipouliza, waliambiwa mama yenu keshaolewa, dai huko alikoolewa. Maneno haya yana mizizi ya kimila, maana hata zile sheria za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilimweka mjane pembeni katika mali ya mumewe. Lakini mtoto hakuwa anarithi kupitia ndoa ya mama yake. Alikuwa anarithi kwa sababu marehemu ni baba yake, na hilo halibadiliki hata mama akiolewa mara tano. Kwa Waislamu hata mama mwenyewe hapotezi. Thumuni yake ilikuwa yake tangu siku ya kifo, akiolewa eda inapoisha huondoka nayo. Nayo Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kunyimwa kufaidi mali ya mzazi wake. Jirani alilipata shamba, pungufu ya kona moja iliyokwisha kuuzwa. Asichorithi ni mali ya baba wa kambo, na hilo pia watu hulisahau, mpaka siku baba wa kambo anapofariki na mtoto aliyelelewa naye tangu ana mwaka mmoja anaambiwa akusanye nguo.

Na kwa wasio Waislamu kuna mtego ambao mimi niliusikia kwa Mkenya mmoja niliyefanya naye kazi. Baba yake aliwaandikia watoto wosia mzuri, kwa wakili, kila kitu. Kisha akaoa tena. Sheria ya urithi ya Kenya inasema ndoa inaufuta wosia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa kama wosia wenyewe ulitaja kwamba uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo na mtu huyo. Mzee hakujua, watoto hawakujua. Waliutoa wosia kwenye bahasha baada ya mazishi, ukawa karatasi.

Mimi mwenyewe nilifiwa na mume mwaka 2020, ajali ya barabarani. Nina wanangu wawili wa kiume. Tuna kiwanja na banda la kuku, basi. Safari hii sikungoja arobaini ipite. Mama mkwe alinitazama vibaya mwanzoni, akadhani nina haraka ya kuchukua changu niende. Nikamchukua twende wote mahakamani, nikamwambia na wewe una sudusi yako, sehemu moja ya sita, mama wa marehemu hasahauliwi. Aliposikia hakimu mwingine, mji mwingine, akitaja jina lake katika warithi, alinishika mkono pale kwenye benchi na hakuuachia mpaka tulipotoka.

Mwaka 2023 mshenga alikuja kwa baba mdogo. Mwanamume wa makamo, fundi seremala, watu wanamsifu. Nami moyo haukukataa. Lakini Fomu Namba 6 ya mume wangu ilikuwa bado, kwa sababu mpima alikuwa hajamaliza kuweka mipaka ya sehemu ya watoto. Nikamwambia mshenga amwambie mwenzake asubiri nikamilishe Fomu Namba 6, na asipotaka kusubiri basi heri.

Mshenga akarudi baada ya siku mbili. Akasema mwenye posa amekubali, atasubiri. Ila anauliza: yeye alifiwa na mke 2019, ana binti mmoja, na nyumba walijenga wote. Je, na yeye anatakiwa kuwa na hiyo fomu?